Jua Tunalo, Mifupa Je?

Jirani yangu wa ghorofa ya tano alinisimamisha ngazini, beseni la nguo kiunoni. Mwanawe ana mwaka na miezi minane na bado anatambaa. Hospitali walimpiga eksirei ya kifundo cha mkono, wakamweleza kuwa mifupa ya mtoto ni laini kwa upungufu wa vitamini D. "Dada'ngu, Dar es Salaam hii?" akaniuliza. "Jua hili linalopausha kanga ndani ya wiki mbili, halafu mwanangu akose vitamini ya jua?"

Sikuwa na jibu la papo hapo, ila beseni lilikuwa nalo. Kila asubuhi nguo za nyumba ile hupandishwa juu ya paa zikaanikwa. Mtoto hubaki ndani na dada wa kazi, mlango wa grili umefungwa, televisheni inaimba. Nguo zinalipata jua kila siku ya Mungu, mtoto analitazama kupitia kioo cha dirisha. Tena kioo huzuia mionzi ileile ambayo ngozi inaihitaji.

Nimeandika haya kwa ajili yake, na kwa mzazi yeyote aliyewahi kujiambia kuwa katika nchi ya jua mambo haya hayamhusu.

Saruji na saidia fundi

Mfupa wa mtoto ni jengo linaloendelea kujengwa. Saruji yake ni madini ya kalsiamu na fosforasi, nayo hutoka kwenye chakula. Vitamini D si saruji. Ni saidia fundi, yule anayebeba ndoo kutoka chini kupeleka juu kwenye ukuta. Kazi yake kubwa ni kuyachukua madini hayo kwenye utumbo na kuyaingiza katika damu. Akiwepo, utumbo hunyonya kiasi cha asilimia 30 hadi 40 ya kalsiamu iliyoliwa. Asipokuwepo, hunyonya asilimia 10 hadi 15 tu. Kwa hiyo mtoto anaweza kunyweshwa maziwa kila siku, saruji ikajaa uwanjani, na ukuta usipande. Vilevile saidia fundi hata wawe kumi hawajengi kitu pasipo na saruji, na jambo hili wengi hulisahau.

Madhara huanzia kwenye ncha za mifupa, mahali urefu unapoongezeka. Gegedu ya hapo hutakiwa kujazwa madini ili igeuke mfupa mgumu. Madini yasipofika, hubaki laini na kuvimba, na mtoto anapoanza kusimama uzito wake mwenyewe huipinda miguu. Ndio ugonjwa wa matege, ambao madaktari huuita rikets.

Ulaya waliujua ugonjwa huu kabla yetu. Mwaka 1650 daktari Mwingereza, Francis Glisson, alichapisha kitabu kizima juu yake, na baadaye moshi wa viwanda ulipoziba anga ya miji, ugonjwa huo uliwaandama watoto wa vichochoroni. Mwaka 1919 mtafiti Edward Mellanby aliwafungia mbwa ndani, akawalisha uji wa nafaka mpaka mifupa yao ikalegea, kisha akaonyesha kuwa mafuta ya ini la samaki huzuia hali hiyo. Mwaka huohuo, mjini Berlin, daktari Kurt Huldschinsky aliwatibu watoto wenye matege kwa taa inayotoa miale ya urujuanimno. Mmoja alipita mdomoni, mwingine akapita kwenye ngozi, na wote wawili walikuwa wanaelekea kwenye kitu kimoja, ambacho mwaka 1922 mtafiti Elmer McCollum alikipa herufi D.

Kilichowapata wao kwa moshi, sisi tunajiletea kwa kuta na grili. Mwaka 2012 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliopima damu za Wamasai 35 na Wahadzabe 25 hapa Tanzania. Wastani wa vitamini D ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachohesabika kuwa kinatosha. Ngozi yao ni kama yetu na jua ni hilihili. Tofauti ni kwamba wao siku yao hupita nje. Miaka miwili baadaye, madaktari waliandika juu ya watoto wenye rikets katika makazi ya mabanda jijini Nairobi, hatua chache kutoka mstari wa ikweta.

Jua la saa ngapi?

Ushauri tuliorithi ni kumtoa mtoto "jua la asubuhi", na wengi tunaelewa hivyo kuwa ni la saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu. Jua hilo ni zuri kwa macho na kwa furaha ya mtoto, ila kwa vitamini D halina kitu kikubwa. Ngozi hutengeneza vitamini hii kwa kutumia miale ya urujuanimno aina ya B, na jua likiwa bado chini miale hiyo hupita katika hewa nyingi na kupungua sana kabla ya kutufikia.

Kipimo chake hakihitaji simu wala saa. Tazama kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi inapata kidogo mno. Kikiwa kifupi kuliko wewe, kazi inafanyika. Kwa miji yetu, kivuli huwa kifupi kuanzia kama saa tatu na nusu asubuhi hadi karibu saa tisa alasiri. Hii haina maana ya kumweka mtoto kwenye jua la utosini. Chagua pembezoni mwa muda huo: saa tatu na nusu hadi saa nne na nusu, au saa nane na nusu hadi saa tisa. Mikono na miguu iwe wazi, kichwa kiwe na kofia au kivuli.

Hakuna hesabu moja ya dakika inayomfaa kila mtoto. Melanini inayoipa ngozi weusi wake hutukinga dhidi ya kuungua, lakini kwa sababu hiyohiyo ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu kuliko nyeupe, mara kadhaa zaidi, ili kutengeneza kiasi kilekile. Kwa mtoto aliyekwisha kutimiza mwaka, nusu saa hadi saa moja ya kucheza nje siku nyingi za wiki ni desturi nzuri. Ukiona ngozi inabadilika rangi au mtoto anatafuta kivuli mwenyewe, muda wake umetosha. Na usiogope kuwa jua litamzidishia vitamini, kwa kuwa ngozi ikishatengeneza ya kutosha, ya ziada huivunja yenyewe.

Wazee wetu walikuwa na suluhisho bila kulipa jina. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na uani. Humo mama alipepeta mchele, mtoto akatambaa juu ya jamvi, na binti avaaye hijabu barabarani akakaa mikono wazi bila kuonwa na mpita njia. Tulipohamia kwenye fleti tulibeba makabati na makochi, uani ukabaki nyuma. Asiye na uani atafute mbadala wake: paa, veranda isiyo na kioo, kiwanja cha shule jirani, au nyumba ya bibi siku za Jumamosi.

Mtoto mchanga na arobaini yake

Mtoto huzaliwa na akiba ya vitamini D aliyopewa na mama yake tumboni. Akiba hiyo ni ya wiki chache, na ikiwa mama mwenyewe alikuwa nayo kidogo, mtoto huja duniani na pochi tupu. Hapo ndipo mila ya arobaini inapokutana na sayansi: mtoto hukaa ndani siku 40, amefungwa nguo hadi shingoni, na mama yake yumo ndani pamoja naye.

Maziwa ya mama hayana mpinzani, na mtoto aendelee kunyonya bila kupewa chakula au kinywaji kingine kwa miezi sita. Ila katika jambo hili moja maziwa hayo ni haba. Kwa kawaida lita nzima ina chini ya uniti 80 za vitamini D, zile zinazoandikwa IU kwenye chupa za dawa, wakati mtoto anahitaji 400 kwa siku. Ndiyo sababu mwaka 2016 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kuwa watoto wote wapewe uniti 400 kila siku tangu kuzaliwa hadi mwaka mmoja, na baada ya hapo wapate angalau 600 kwa siku kutoka kwenye chakula au nyongeza. Mtoto anayekunywa maziwa ya kopo lita nzima kwa siku hupata kiasi hicho humohumo. Wengi hawafikishi lita.

Kwa hiyo kwa mtoto mchanga usitegemee jua peke yake. Ngozi yake ni nyembamba na mwili wake hupata joto upesi. Mtoe dakika chache mapajani, karibu na kivuli cha mti, na umuulize daktari au muuguzi wa kliniki kuhusu matone. Muulize pia ukiwa mjamzito, hasa kama siku zako hupita ofisini au umejifunika mwili mzima kila utokapo.

Kilichomo chunguni

Vyakula vyenye vitamini D ni vichache: samaki wenye mafuta kama vibua, jodari na sadini, na kiini cha yai, ambacho kina kama uniti 40 tu. Mafuta ya kupikia yanayoongezwa virutubisho huku kwetu huongezwa vitamini A, si D, kwa hiyo neno "vitamini" kwenye lebo lisikupumbaze. Kazi kubwa ya chungu ni kuleta saruji.

Utafiti uliofanyika Jos, Nigeria, na kuchapishwa mwaka 1999, ulitufumbua macho. Watoto wenye rikets waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Wale walikuwa na jua la kutosha, lakini chakula chao kilikuwa nafaka bila maziwa. Wangapi kwetu wanakula hivyohivyo, uji wa mahindi asubuhi na ugali wa mahindi mchana na usiku? Mtoto aliyezidi mwaka mmoja akipata chini ya miligramu 300 za kalsiamu kwa siku yumo hatarini hata kama anashinda nje. Akivuka 500 mifupa yake ina nafuu, na viwango vya Marekani hulenga juu zaidi: 700 kwa mwenye mwaka 1 hadi 3, 1,000 kwa miaka 4 hadi 8, na 1,300 kwa miaka 9 hadi 18, umri wa kurefuka kwa kasi.

Kikombe kimoja cha maziwa au mtindi, robo lita, kina takriban miligramu 300. Kwa aliyezidi mwaka, kikombe kimoja au viwili kwa siku vinatosha. Ukimjaza maziwa mchana kutwa atakataa chakula na kupungukiwa damu. Aliye chini ya mwaka asifanye maziwa ya ng'ombe kuwa kinywaji chake kikuu.

Kama maziwa ni ghali, dagaa wapo. Dagaa mkavu huliwa na mifupa yake, na mifupa hiyo ndiyo hazina. Waoshe mchanga wote, wakaange bila mafuta, watwange mpaka wawe unga, kisha tia kijiko kwenye uji au mchuzi wa mtoto. Ulezi nao una zaidi ya miligramu 300 kwa kila gramu 100, wakati mahindi hayafiki hata sehemu ya kumi ya hapo. Ufuta una nyingi pia. Usage laini, kwa sababu punje nzima hupita tumboni kama ilivyoingia. Mchicha una kalsiamu, ila una asidi inayoishikilia isinyonywe, kwa hiyo uliwe kwa faida zake nyingine.

Nafaka pia zina vizuizi vyake. Kuloweka, kuotesha kimea na kuchachusha, kama wafanyavyo watengenezao togwa, hupunguza vizuizi hivyo. Kuhusu unga wa lishe wenye nafaka kumi na mbili, wingi wa nafaka si lishe ya mfupa. Nafaka mbili, moja ikiwa ulezi, na kijiko cha dagaa zinaushinda.

Chupa ya matone

Hapa nataka uende polepole, kwa sababu makosa hutokea hapa. Chupa za vitamini D hazifanani. Nyingine huwa na uniti 400 ndani ya tone moja, nyingine huwa na uniti 400 ndani ya mililita nzima, yaani matone ishirini na kitu. Mzazi aliyezoea mililita moja, akabadilishiwa chupa na kuendelea na kipimo kilekile, humpa mtoto zaidi ya mara ishirini ya kiasi chake. Kila ununuapo chupa mpya soma upya, na tumia bomba lililokuja na chupa hiyo. Ukikuta mikrogramu, kumbuka kuwa mikrogramu moja ni uniti 40, hivyo mikrogramu 10 ni uniti 400.

Bila agizo la daktari, usivuke uniti 1,000 kwa siku kwa mtoto wa chini ya miezi sita, 1,500 hadi afikishe mwaka, 2,500 kwa mwenye mwaka 1 hadi 3, 3,000 kwa miaka 4 hadi 8, na 4,000 kwa wakubwa zaidi. Huo ni ukomo, si lengo. Vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu katika damu: mtoto hutapika, hufunga choo, huwa na kiu na kukojoa mno, na figo zake zinaweza kuharibika. Mafuta ya ini la samaki yana vitamini A pia, kwa hiyo usiyachanganye na nyongeza nyingine kienyeji. Na ukiambiwa duka la dawa kuna sindano moja ya kuimarisha mifupa, shukuru na uondoke.

Mtoto mzima, anayekua na kucheza, hahitaji kipimo cha damu. Akipimwa kwa sababu maalumu, majibu huja kwa nanomoli kwa lita au nanogramu kwa mililita. Nanogramu zizidishe kwa 2.5 upate nanomoli. Zaidi ya nanomoli 50 (nanogramu 20) ni kiwango kinachotosha. Kati ya 30 na 50 ni pungufu. Chini ya 30 (nanogramu 12) ni ukosefu unaohitaji tiba. Usishindane kupanda: 60 na 110 zote ni salama, bali juu ya 250 ni eneo la sumu.

Matege yapi ya kuhofia?

Watoto wote huzaliwa na miguu iliyopinda kidogo, na upinde huo ni wa kawaida hadi karibu miaka miwili. Kisha magoti huanza kugusana, hasa miaka 3 hadi 4, na miguu hunyooka kufikia miaka saba hivi. Nenda hospitali ikiwa upinde unazidi badala ya kupungua, upo mguu mmoja tu, au unaendelea baada ya miaka miwili. Nenda pia ukiona vifundo vya mikono vimenenepa, vinundu kama tasbihi kwenye mbavu, utosi uliochelewa kufunga, meno yaliyochelewa kuota, au mtoto wa mwaka na nusu asiyetembea. Kichanga akipata degedege, kimbia siku hiyohiyo. Kalsiamu iliyoshuka ni mojawapo ya sababu zake.

Tiba ipo na hufanya kazi. Huwa ni vitamini D kila siku kwa wiki 12 au zaidi pamoja na kalsiamu, na mifupa michanga mara nyingi hujinyoosha yenyewe miezi inayofuata. Kumkanda miguu kwa nguvu, kumfunga vijiti au kumfukia mchangani hadi kiunoni ili atembee ni kuusukuma ukuta ambao saruji yake haijakauka.

Kumbuka pia kuwa si matege yote ni ya vitamini D. Wakazi wa miteremko ya Meru na sehemu za Kilimanjaro wanayajua meno ya kahawia yatokanayo na floraidi katika maji. Floraidi ikizidi, na chakula kikawa na kalsiamu haba, hupinda hata mifupa, na magadi ya kupikia huiongeza. Matone hayataondoa hilo. Linalosaidia ni kubadili au kuchuja maji, na kituo cha Ngurdoto, Arusha, kilifanya kazi ya kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Wapo watoto wanaohitaji ushauri wao pekee: njiti, wenye maradhi ya figo au ini, wanaotumia dawa za kifafa kama fenobabito, na wenye mtindio wa ubongo wanaoshinda ndani. Mtoto mwenye ualbino asiwekwe juani kwa ajili ya vitamini D hata kidogo. Ngozi yake huitengeneza kwa mwanga mchache anaoupata akipita tu, na hatari yake kubwa ni saratani ya ngozi. Nao ndugu walioko London au Minneapolis wajue kuwa miezi ya baridi jua la huko halina miale ya kutosha ya aina tunayoizungumzia, hata likiwaka. Uingereza hushauri kila mtoto wa mwaka 1 hadi 4 apewe mikrogramu 10 kwa siku.

Wiki ya sita ya tiba nilikutana tena na jirani yangu, safari hii juu ya paa, kivuli changu kimenifika kifuani. Beseni lilikuwa sakafuni, dada wa kazi anaanika, chini ya kamba umetandikwa mkeka. Mtoto alikuwa bado hajatembea. Alikuwa amesimama, kashikilia ukingo wa beseni kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anampa dada vibanio, kimoja kimoja.